Uzito na Povu katika Bia ya Nyumbani: Uchague Kiambato Kipi?

Mtengenezaji wa bia nyumbani hufika mahali ambapo bia yake haina kasoro anayoweza kuitaja kwa jina. Haina uchachu usiotakiwa, haina harufu mbaya, na hata rangi yake inapendeza, lakini ikifika mdomoni inapita kama maji, na povu lake linazama kabla hajaiweka chupa mezani. Akiuliza afanye nini, anatajiwa vitu sita kwa pumzi moja: kimea cha dekstrini, ngano, shayiri bapa, oti, maltodekstrini na laktosi. Vyote vinasifiwa kwa maneno yale yale, kwamba vinaongeza uzito na povu. Mkanganyiko unaanzia hapo, kwa sababu uzito na povu ni mambo mawili tofauti, na vingi kati ya viambato hivyo hulifanya moja vizuri na jingine kidogo tu, au visilifanye kabisa.

Vigezo vya kupimia

Kigezo cha kwanza ni kujua unachokikosa. Uzito ni ule ujazo ambao ulimi unauhisi bia inapopita, na hutokana na vitu vilivyobaki ndani ya bia baada ya hamira kumaliza kazi: dekstrini, yaani minyororo mirefu ya sukari ambayo hamira ya kawaida haiwezi kuila, beta-glukani, ambazo ni ute unaotoka katika kuta za chembe za nafaka, na protini. Povu lina msingi mwingine. Gesi ndiyo inayoliinua, protini ndizo zinazojenga ngozi ya kila kiputo, na machungu ya hopsi, maua yanayoipa bia uchungu wake, ndiyo yanayozishikamanisha protini hizo hadi povu linanata kwenye ukuta wa bilauri na kuacha pete nyeupe kila unapopiga funda. Dekstrini huchangia katika povu kwa njia ya mzunguko tu: zikiifanya bia iwe nzito kidogo, maji yaliyo kati ya viputo huchelewa kushuka.

Kigezo cha pili ni njia unayotumia. Anayeanza na nafaka, akaziloweka katika maji ya moto hadi akapata uji wa kimea na kuuchuja, anavyo vimeng'enya vya kuugeuza wanga kuwa sukari, kwa hiyo karibu kila kiambato kinamfaa. Anayeanza na dondoo la kimea, liwe la maji mazito au la unga, hana vimeng'enya hivyo, na nafaka yoyote yenye wanga mbichi itamwachia wanga huo ndani ya bia, ambako utaleta ukungu na kuwa chakula cha vijidudu.

Vigezo vitatu vilivyobaki havihitaji maelezo marefu: mabadiliko ya ladha, rangi na uangavu, usumbufu unaoongezeka wakati wa kuchuja, na tahadhari kwa mnywaji, hasa yule ambaye mwili wake haupatani na maziwa.

Kabla ya kununua chochote

Nilihangaika na povu kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri. Niliongeza kimea cha dekstrini kutoka asilimia 5 ya nafaka hadi 10, nikaongeza ngano juu yake, na bado povu lilikuwa likiinuka kwa fahari na kuporomoka mara moja. Siku moja nilimimina chupa moja katika bilauri mbili. Ya kwanza ilikuwa imetoka kabatini kama kawaida. Ya pili nilikuwa nimeisugua kwa magadi, nikaisuuza mara tatu kwa maji ya moto na kuiacha ikauke yenyewe bila kitambaa. Katika ile ya kwanza viputo vilijipanga kwenye ukuta wa ndani kama umande, na povu likabaki utepe mwembamba pembeni. Katika ile ya pili ukuta ulikuwa safi, viputo vilipanda katikati tu, na povu lenye kimo cha vidole viwili lilikaa hadi nilipochoka kulitazama. Bia ilikuwa ile ile. Kosa lilikuwa mafuta na mabaki ya sabuni.

Kwa hiyo jaribio la bilauri mbili lije kwanza, kwa kuwa halina gharama. La pili ni gesi: bia yenye gesi haba haitoi povu hata ikijaa protini, na kwa bia nyingi za chupa gramu 6 hivi za sukari ya kawaida kwa kila lita hutosha. La tatu ni joto la uji wa kimea. Ukiuweka kwenye nyuzi 64 au 65 za Selsiasi, vimeng'enya hukata minyororo mingi kuwa sukari ambayo hamira itaila yote, na bia hutoka kavu. Ukiupandisha hadi 68 au 69, kimeng'enya kimoja kati ya viwili vikuu huchakaa mapema na dekstrini nyingi zaidi hubaki. Ni badiliko la nyuzi chache tu, na mara nyingi linatosha kwa mtu aliyekuwa akijiandaa kununua kiambato kipya. La nne ni kuacha mazoea ya kuushikilia uji kwa muda mrefu kwenye nyuzi 50 hadi 55 ili "kuzivunja protini." Vimea vya siku hizi huwa vimekwisha kulainishwa vya kutosha kiwandani, na kuzivunja zaidi protini zake ni kuzipoteza zile zile ambazo povu linazihitaji.

Ikiwa hayo yote yamefanyika na tatizo bado lipo, ulinganisho unaofuata una maana.

Kimea cha dekstrini

Hiki ni kimea cha shayiri kilichoandaliwa ili kiwe na dekstrini nyingi bila rangi ya karameli. Ukiitafuna punje moja ya aina yake ya kioo utaisikia ikivunjika mdomoni kwa mlio mkavu, tofauti na kimea cha kawaida ambacho hugeuka unga. Kazi yake inaelemea upande wa uzito, na povu hupata msaada wa wastani. Kiwango cha kawaida ni asilimia 5 ya nafaka, yaani gramu 225 hivi katika kilo 4.5 zinazotengeneza lita 20, na wachache huvuka asilimia 10.

Sifa yake kubwa ni unyenyekevu: hakibadilishi rangi, hakileti ladha ya kujitambulisha, hakileti ukungu na hakisumbui kwenye kichujio. Udhaifu wake unatokana na sifa hiyo hiyo, kwamba athari yake ni ndogo kuliko sifa kinazopewa. Kikiwa ndani ya uji wenye vimeng'enya hai, sehemu ya dekstrini zake hukatwa kama zilivyo nyingine, na kama joto la uji ni la chini, utakuwa umeziongeza kwa mkono mmoja na kuziondoa kwa mwingine.

Majina nayo yanahitaji uangalifu. Carapils nchini Marekani ni alama ya biashara ya kampuni ya Briess, na kampuni ya Weyermann ya Ujerumani huuza kimea chake Marekani kwa jina la Carafoam. Bidhaa zinazopewa jina la jumla la kimea cha dekstrini hazitengenezwi kwa namna moja, na baadhi hubaki na wanga ndani yake. Kwa sababu hiyo mtumiaji wa dondoo afanye tahadhari: ni salama zaidi kukiloweka pamoja na kiasi sawa au zaidi cha kimea cha msingi, yaani kile cha kawaida chenye vimeng'enya, katika maji ya nyuzi 67 kwa saa moja, kuliko kukiloweka peke yake. Kinamfaa mtu mwenye bia nyepesi, ya rangi ya dhahabu, anayetaka kuirekebisha kidogo bila mtu mwingine kugundua kilichobadilika.

Kimea cha ngano

Kama kilio chako ni povu, mjadala kwa kawaida huanzia hapa. Ngano ina protini nyingi zinazofaa kwa povu, na kimea chake kina vimeng'enya vyake chenyewe, kwa hiyo hakimtegemei jirani. Asilimia 5 hadi 10 hutosha kulitengeneza povu la bia yoyote bila kuigeuza kuwa bia ya ngano. Zile bia za Ujerumani zinazojulikana kwa ngano yake huwa na angalau nusu. Uzito pia huongezeka, ingawa unahisiwa zaidi kama ulaini kuliko unene.

Ladha yake katika viwango vidogo ni ya mkate mweupe na haivurugi kitu. Ukungu ndio unaohitaji uamuzi: protini zilezile zinazoshika povu hukutana na tanini za kimea na hopsi, na bia ikipoa sana inapoteza uangavu. Kwa asilimia 5 wengi hawataliona hilo. Kwa asilimia 30 hakuna asiyeliona.

Usumbufu wa kuchuja unatokana na umbile la punje, kwa kuwa ngano haina ganda, na ganda la shayiri ndilo linalofanya kazi ya chujio. Katika viwango vidogo shayiri iliyobaki hulibeba jukumu hilo. Ukiikaribia nusu ya nafaka zote, konzi chache za makapi ya mpunga yaliyosuuzwa zitakuepusha na jioni ndefu ya kungoja matone.

Mtumiaji wa dondoo hajasahaulika. Lipo dondoo la ngano, ambalo kwa kawaida ni mchanganyiko wa ngano na shayiri, na kulitumia badala ya sehemu ya dondoo la kawaida ndiyo njia rahisi kuliko zote ya kupata protini bila kuloweka chochote. Ninakiri kwamba mimi mwenyewe huanzia hapa bila kufikiri sana, na pengine ndiyo sababu msomaji aupime ushauri wangu juu ya viambato vingine kwa jicho la pili.

Shayiri bapa na oti bapa

Nimeziweka pamoja kwa sababu zinatengenezwa kwa njia moja: nafaka ambayo haikuoteshwa hupitishwa kwenye mvuke na kubanwa kati ya vyuma hadi ikawa bapa, na joto hilo huufungua wanga wake ili vimeng'enya viufikie. Kwa kuwa hazikuoteshwa, beta-glukani na protini zake hazijaguswa. Hapo ndipo penye nguvu yake, na ndipo penye matatizo yake.

Shayiri bapa ina mkono katika uzito na katika povu pia, na povu lake ni zito, lenye viputo vidogo. Asilimia 5 hadi 10 ni kiwango cha kawaida, na bia nyeusi kavu za mtindo wa Ireland huenda hadi 20. Ni moja ya nafaka za Guinness, lakini anayetarajia kuipata ile krimu ya Guinness kwa kununua mfuko wa shayiri bapa atavunjika moyo, kwa sababu krimu ile hutokana kwa sehemu kubwa na gesi ya nitrojeni, ambayo kampuni hiyo ilianza kuitumia mwaka 1959. Ladha yake ni ya nafaka mbichi, yenye ukali mdogo unaojificha vyema ndani ya bia nyeusi na kujitokeza ndani ya bia nyepesi. Wajerumani, ambao amri ya Bavaria ya mwaka 1516 kuhusu viambato vya bia iliwazoesha bia ya kimea bila nafaka mbichi, wana njia yao ya kuzunguka: kimea cha shayiri kilichooteshwa kwa muda mfupi mno, ambacho tabia yake inakaribia ya shayiri mbichi na bado kinaitwa kimea. Ukikipata, kihesabu katika kundi hili.

Oti ni mfalme wa uzito wa hariri. Hakuna kiambato kingine hapa kinachompa mnywaji ule utelezi unaofunika ulimi, na asilimia 10 tu inatosha kuuhisi. Bia za kisasa zenye ukungu na hopsi nyingi hutumia hadi 20 na kuzidi. Kuhusu povu, sifa zake zigawanywe mara mbili. Protini na ute wake husaidia, ila oti ina mafuta mengi kuliko shayiri na ngano, na mafuta ni adui wa povu. Kwa viwango vya wastani mizani huwa sawa. Kwa viwango vikubwa nimewahi kupata bia nzito tamu mdomoni yenye povu la kusikitisha, na tiba yake katika mpiko uliofuata ilikuwa kuongeza ngano kidogo pembeni ya oti. Oti bapa za kifungua kinywa zinafaa kabisa mradi zisiwe na sukari, chumvi wala vionjo. Zile za chenga zilizokatwa kwa chuma zichemshwe kwanza.

Kichujio ndicho kinacholipa gharama. Mara ya kwanza nilipotia oti asilimia 20 bila makapi, nilifungua bomba na maji ya kimea yakatoka kwa kasi ya kutia moyo, yakapungua, yakawa uzi, kisha tone moja moja. Nilipoingiza mwiko nikakuta juu ya chujio tabaka la kijivu linalovutika kama ute wa bamia. Makapi ya mpunga husaidia, na pia kuushikilia uji kwenye nyuzi 40 hadi 45 kwa dakika 15 au 20 kabla ya kuupandisha, ili sehemu ya beta-glukani ivunjwe. Usizidishe, kwa kuwa ute unaouvunja ndio uzito ulioununua.

Uangavu usahau. Na mtumiaji wa dondoo asizitumie nafaka hizi mbili bila kimea cha msingi pembeni, kwa kuwa wanga wake ni mwingi na hazina kimeng'enya cha kuugeuza.

Maltodekstrini

Huu ni unga mweupe, mwepesi, usio na ladha ya kutajika, ambao sehemu yake kubwa haiwezi kuliwa na hamira ya kawaida. Kazi yake ni uzito na karibu hauna jambo lingine: protini haina, na povu usilitarajie kwake zaidi ya ule msaada wa bia kuwa nzito kidogo. Gramu 250 katika lita 20 huongeza takriban 0.004 kwenye haidromita, kifaa cha kupimia wingi wa sukari, mwanzoni na mwishoni mwa uchachushaji, jambo ambalo huwatia hofu wasiolijua, wakidhani uchachushaji umekwama.

Kwa mtumiaji wa dondoo ni msaada wa kweli, kwa sababu hauhitaji kulowekwa, haubadilishi rangi, hauleti ukungu na hausumbui kichujio. Una uwezo mwingine ambao hakuna nafaka inayouweza: unaweza kuongezwa bia ikiwa imekwisha kuchachuka. Mwenye bia nyembamba ndani ya chombo anaweza kuchemsha unga huo katika maji machache, akaupoza na kuuchanganya kabla ya kutia kwenye chupa. Ukoroge kwanza katika maji baridi, kwa kuwa ukimwagwa moja kwa moja kwenye maji yanayochemka hufanya madonge yanayong'ang'ania mwiko. Uzito wake ni wa wazi lakini hauna ulaini wa oti, na ukizidi gramu 400 hivi bia huanza kuhisiwa kama imepakwa kitu.

Tahadhari moja si ndogo: zipo aina za hamira, zikiwamo baadhi zinazotumika kwa bia kavu za Ubelgiji, ambazo hutoa kimeng'enya cha kukata dekstrini. Zikiukuta unga huu ndani ya chupa huula polepole, gesi huzidi, na chupa zinaweza kupasuka.

Laktosi

Laktosi ni sukari ya maziwa, nayo hamira ya bia haiwezi kuichachusha. Huleta uzito na utamu mdogo, kwa kuwa utamu wake haufiki hata robo ya ule wa sukari ya kawaida, na kwa povu haina la kuchangia. Gramu 300 katika lita 20 huhisiwa kwa upole. 500 humpa mnywaji bia nyeusi ya mtindo wa maziwa. Kama maltodekstrini, hutiwa wakati wa kuchemsha au baadaye na humfaa kila mtengenezaji, lakini haiwezi kufichwa, kwa kuwa utamu wake hubaki. Bakteria wa asidi ya maziwa huila, hivyo usiitie katika bia chachu.

Hapa ndipo kigezo cha mnywaji kinakuwa kizito kuliko vingine vyote. Watu wengi wazima tumbo lao halisagi laktosi, na mwenye mzio wa maziwa hapaswi kuikuta bila kuambiwa. Andika kwenye chupa, hata kama ni chupa za kunywewa na ndugu tu. Viambato vya nafaka navyo havimfai asiyepatana na gluteni, ingawa mtu huyo kwa kawaida huwa amekwisha kujihadhari na bia nzima ya shayiri.

Hali kwa hali

Mwenye povu linaloanguka na uzito anaouridhia, na anayeanza na nafaka, aanze na kimea cha ngano asilimia 5 hadi 10, na aongeze machungu ya hopsi kidogo kama bia yake ni ya hopsi haba. Akitumia dondoo, abadilishe sehemu yake kwa dondoo la ngano.

Mwenye bia nyembamba yenye povu zuri ana njia tatu, kulingana na mahali alipo. Kama bado hajapika, apandishe joto la uji na atie kimea cha dekstrini asilimia 5. Kama anatumia dondoo, gramu 200 hadi 250 za maltodekstrini. Kama bia tayari imo chomboni, maltodekstrini ndiyo pekee inayomfaa bila kuubadilisha utamu.

Anayekosa vyote viwili atazame rangi ya bia yake. Katika bia nyeusi, shayiri bapa asilimia 10 humpa uzito na povu kwa pamoja. Katika bia nyepesi anayoitaka iwe angavu, kimea cha dekstrini pamoja na ngano kidogo kitafanya kazi taratibu lakini bila ukungu. Katika bia nyepesi ambayo ukungu si aibu, oti asilimia 10 hadi 15 pamoja na ngano asilimia 10 ni mchanganyiko mgumu kuupita, mradi makapi ya mpunga yawepo karibu.

Anayetengeneza bia nyeusi tamu, na anayewajua wanywaji wake kwa majina, achukue laktosi. Anayepika kwa ajili ya hafla ya watu asiowajua atumie oti na maltodekstrini badala yake, akubali utamu upungue.

Na mwenye haraka ya kujua kipi kinamfaa agawanye mpiko mmoja: lita 20 za maji ya kimea yale yale, hamira ile ile, vyombo viwili vya lita 10, na gramu 125 za maltodekstrini katika kimoja tu. Azimimine katika bilauri mbili safi wiki tatu baada ya kutia kwenye chupa, amwombe mwingine ampe bila kumwambia ipi ni ipi, na aandike anachokihisi kabla ya kutazama.